Jason Taumalolo: nyota wa ragbi aliyeacha jezi ya New Zealand na kuchezea Tonga ya wazazi wake

Mwezi wa kumi mwaka 2017, siku chache tu baada ya kupoteza fainali ya ligi ya Australia, Jason Taumalolo alitangaza jambo ambalo wakubwa wa ragbi ya New Zealand hawakulitarajia. Kombe la dunia lilikuwa linakaribia. Yeye ni mzaliwa wa Auckland, alikuwa amekwisha kuvaa jezi nyeusi ya New Zealand kwa miaka mitatu, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa amechaguliwa mchezaji bora wa ligi. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba ataitwa. Akasema hapana, safari hii atachezea Tonga.

Tonga ni ufalme wa visiwa katika bahari ya Pasifiki. Wakaaji wake ni kama laki moja tu, hawafikii hata wale wa mtaa mmoja mkubwa wa Kinshasa. Katika ragbi ya watu 13, Tonga ilikuwa ekipe ya kusindikiza wengine: inakuja, inaimba, inacheza ngoma yake ya vita, inafungwa, inarudi nyumbani. Nchi tatu ndizo zilizokuwa zinagawana mchezo huo: Australia, New Zealand na Uingereza.

Katika siku hizo hizo Andrew Fifita, ambaye tayari alikuwa ameitwa na Australia, naye aliomba kutoka na akaenda Tonga. Kisha ikajulikana kwamba wengine waliokuwa wamechezea New Zealand, akina Sio Siua Taukeiaho, Manu Ma'u na David Fusitu'a, wako pia upande huo. Sheria za shirikisho la dunia ziliruhusu: mchezaji wa moja ya nchi tatu kubwa aliweza kuhamia nchi ndogo ya asili yake. Ila mpaka siku hiyo, waliokuwa wakihama ni wale ambao nchi kubwa hazikuwahitaji tena. Taumalolo alikuwa na miaka 24 na alikuwa kwenye kilele cha nguvu zake.

Na kulikuwa na suala la feza. Kuchezea Australia ao New Zealand kunalipwa vizuri, kila mechi. Tonga haikuwa na mfuko wa namna hiyo. Aliyechagua Tonga alijua kwamba anaacha pesa mezani.

Mchezo wa watu 13

Wasomaji wengi hapa kwetu wanajua ragbi ya watu 15, ile ya Springboks wa Afrika Kusini. Hii ni ingine. Wafaransa wanaiita rugby à treize. Ilizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, kwa ugomvi wa mshahara. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa wafanyakazi wa migodi ya makaa na wa viwanda. Wakienda kucheza siku ya posho, walipoteza malipo ya siku hiyo. Vilabu vyao viliomba ruhusa ya kuwarudishia hicho walichopoteza, viongozi wa London wakakataa, wakisema ragbi ni mchezo wa kujifurahisha, si kazi. Vilabu vikajitenga. Polepole wakabadilisha sheria, wakapunguza wachezaji wawili kila upande, na mchezo ukavuka bahari mpaka Australia na New Zealand, ambako leo ligi yake, NRL, inajaza viwanja na televisheni.

Sheria yenyewe si ngumu. Ekipe yenye mpira ina nafasi sita. Kila mara mchezaji wake akiangushwa, nafasi moja imekwisha. Anasimama, anaupitisha mpira nyuma kwa mguu, mwenzake anauchukua, na mwendo unaanza tena. Baada ya ya sita, mpira unakwenda kwa adui. Kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa adui, yaani trai, ni pointi 4. Mkwaju unaofuata, ukipita kati ya nguzo, ni 2. Kuna pia mkwaju wa kudondosha mpira na kuupiga wakati mchezo unaendelea, huo ni pointi 1, na tutauona tena hapa chini.

Sasa, mita hizo za mbele ni lazima mtu azitafute. Ndiyo kazi ya Taumalolo. Anavaa namba 13, ana zaidi ya kilo 110, na kazi yake ni kupokea mpira na kukimbia moja kwa moja mahali walipo wanaume watatu ao wane wanaomngoja. Hawakwepi. Anawaingia, anawavuta mita kumi, anaanguka, anasimama, na baada ya dakika mbili anarudia. Katika miaka yake mizuri, kukimbia zaidi ya mita 200 na mpira katika mechi moja lilikuwa jambo la kawaida kwake. Mtu wa namba yake akifikisha 150, makocha wanampongeza. Kinachowashangaza watu zaidi ni miguu: mtu wa uzito ule anacheza hatua ndogo ndogo, kushoto, kulia, kama mtu mwepesi wa pembeni, halafu ndipo anagonga.

Kutoka Auckland mpaka Townsville

Alizaliwa tarehe 31 mwezi wa tano 1993. Kusini mwa Auckland ndiko kunakoishi Watonga wengi kuliko mahali pengine popote nje ya Tonga yenyewe; New Zealand nzima ina zaidi ya 80,000. Ukiwahesabu na wale wa Australia na Marekani, Watonga walio nje ni wengi kuliko walio visiwani.

Walifika pale kwa sababu waliitwa. Baada ya vita ya pili ya dunia, viwanda vya New Zealand vilihitaji mikono, na watu wa Tonga, Samoa na visiwa vingine wakaja kwa wingi. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1970, mikono ile ile ikageuka kuwa mzigo. Polisi wakaanza kuingia katika nyumba za watu wa Pasifiki alfajiri, kabla jua halijatoka, kutafuta wale ambao karatasi zao za kukaa zilikuwa zimekwisha muda. Watu walisimamishwa hata barabarani na kuulizwa vitambulisho kwa sababu ya sura yao. Wazungu wa Uingereza na wa Marekani waliokuwa wamepitisha muda wao pia hawakusumbuliwa hivyo. Serikali ya New Zealand iliomba radhi kwa jambo hilo mwaka 2021, kwa kinywa cha waziri mkuu Jacinda Ardern.

Ninataja historia hii kwa sababu magazeti mengi ya michezo yalipoandika juu ya Taumalolo mwaka 2017, yaliuliza kwa nini kijana aliyezaliwa na kupewa nafasi New Zealand anaikataa. Swali ni halali. Lakini mtoto wa mtaa ule hakukua akijiita tu mtu wa New Zealand. Nyumbani ni Kitonga, siku ya Mungu ni kanisa la Kitonga na nyimbo za sauti nne, na kila mwisho wa mwezi kuna feza inayotumwa kwa bibi na babu kisiwani. Feza hizo za watoto walio nje ni zaidi ya theluthi moja ya uchumi wote wa Tonga. Ni nchi chache sana duniani zinazofikia kiasi hicho. Wakaaji wa Bukavu ao Uvira wenye ndugu Ulaya na Amerika hawahitaji kuelezwa maana yake.

Akiwa kijana mdogo alihamia Townsville, mji wa joto kaskazini mwa jimbo la Queensland, Australia, zaidi ya kilometa 1,300 kutoka Brisbane. Alisoma Kirwan State High School, shule inayojulikana kwa kutoa wachezaji, na klabu ya mji, North Queensland Cowboys, ilikuwa imekwisha kumwona. Mwaka 2010, akiwa na miaka 17, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu. Hakuna mchezaji mdogo kuliko yeye aliyekuwa amevaa jezi ya klabu hiyo.

Miaka iliyofuata haikuwa ya haraka. Mtoto mwenye mwili wa mtu mzima anasifiwa mapema, kisha watu wanachoka kungoja. Alicheza dakika chache, akakaa benchi, akajifunza kulinda. Mwaka 2013 aliitwa na Tonga kwa mechi dhidi ya Samoa. Mwaka 2014 New Zealand ikamchukua. Kwa wakati huo hiyo ndiyo iliyokuwa njia: unapita Tonga ukiwa mdogo, na ukiwa mzuri wakubwa wanakuita.

Sekunde ya mwisho ya 2015

Cowboys walianza kucheza ligi kuu mwaka 1995 na kwa miaka 20 hawakuwa wameshinda kombe hata mara moja. Tarehe 4 mwezi wa kumi 2015 walicheza fainali Sydney na majirani zao wakubwa, Brisbane Broncos, mbele ya watu zaidi ya 82,000. Taumalolo alikuwa namba 13.

Nani aliyeiona mechi ile hawezi kuisahau. Broncos walikuwa mbele 16-12 na kengele ya mwisho ilikuwa inalia. Michael Morgan akamtupia mpira Kyle Feldt pembeni kabisa, Feldt akauweka chini kwenye kona: 16-16. Mkwaju wa ushindi ulikuwa wa Johnathan Thurston, kapiteni na mfalme wa mji ule. Mpira ukagonga nguzo, ukarudi. Ikabidi kuongeza muda, anayepata pointi ya kwanza ndiye bingwa. Broncos wakapigiwa mpira wa kuanza, Ben Hunt akautupa mikononi. Muda si mrefu Thurston akadondosha mpira na kuupiga kati ya nguzo: 17-16. Pointi ile moja.

Kombe hilo lilimpa Taumalolo kitu ambacho wachezaji wengi wakubwa wanastaafu bila kukipata, akiwa na miaka 22. Mwanzo wa 2016 Cowboys wakawafunga Leeds, mabingwa wa Uingereza, 38-4 katika mechi ya vilabu bingwa vya dunia. Mwishoni mwa mwaka huo, medali ya Dally M ya mchezaji bora wa ligi ikagawanywa kati ya watu wawili kwa sababu walifungana pointi: Cooper Cronk wa Melbourne na yeye. Ni mara chache medali hiyo inakwenda kwa mtu anayefanya kazi ngumu ya katikati. Majaji wanapenda wanaopiga pasi.

Kisha likaja suala la mkataba. Mwaka 2017 Cowboys walimpa miaka kumi, kuanzia 2018 mpaka mwisho wa 2027, kwa kiasi kilichotangazwa na vyombo vya habari kuwa karibu dola milioni 10 za Australia. Ligi ilikuwa haijawahi kuona mkataba mrefu hivyo. Katika NRL kila klabu ina kikomo cha feza za mishahara, sawa kwa wote. Ukimpa mtu mmoja milioni moja kwa mwaka, ni milioni ambayo hutampa mwingine. Na huyu ni mtu ambaye kila wiki anagongana na wanaume wenye kilo mia moja mara ishirini kabla ya kupumzika. Mwili wake utakuwaje mwaka wa saba? Wa tisa? Klabu iliamua kubahatisha. Yeye naye alibahatisha kwa namna yake: alijifunga kwa mji mdogo wa pembeni wakati vilabu vya Sydney vingemlipa vizuri.

Mwaka huo huo, Thurston akiwa ameumia, Cowboys waliingia mchujo wakiwa wa nane, nafasi ya mwisho kabisa, wakafunga Cronulla, Parramatta na Roosters mfululizo. Taumalolo ndiye aliyekuwa akivuta mkokoteni. Katika fainali tarehe 1 mwezi wa kumi walifika wamechoka, Melbourne ikawapiga 34-6.

Siku chache baadaye ndipo akatoa lile tangazo.

Vita nyekundu

Ekipe ya taifa ya Tonga inaitwa Mate Ma'a Tonga, maana yake kufa kwa ajili ya Tonga. Jezi ni nyekundu kama bendera. Ilipofika New Zealand kwa Kombe la dunia, mitaa ya Otahuhu na Mangere huko Auckland ikawa nyekundu: bendera kwenye magari, kwenye nyumba, kwenye maduka, mabibi wazee wamevaa kofia nyekundu, vijana wamekaa kwenye madirisha ya magari wakiimba. Watu waliozoea kutembea kimya katika mji huo walijaza barabara.

Mechi iliyongojwa ilikuwa ya tarehe 11 mwezi wa kumi na moja, mjini Hamilton: New Zealand na Tonga. Kabla ya kuanza, haka ya New Zealand na Sipi Tau ya Tonga zilikabiliana uso kwa uso, na kelele za wafuasi zilionyesha wazi kwamba wenyeji walikuwa wageni katika uwanja wao. Kwa Taumalolo jioni hiyo haikuwa rahisi. Kila aliposhika mpira, waliomngoja walikuwa watu aliolala nao hoteli moja miezi michache tu kabla.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha New Zealand, 16-2. Waliosema kwamba moyo hautoshi, ragbi ni mazoezi na mpangilio, walianza kutikisa vichwa. Kipindi cha pili Tonga ikageuza kila kitu. Mpira ulipita katikati, kwa Taumalolo na Fifita na wenzao wazito, mpaka ulinzi ukakusanyika ndani, halafu ukatoka haraka pembeni. Fusitu'a alifunga trai tatu. Mwisho: Tonga 28, New Zealand 22. Nchi ndogo ilikuwa haijawahi kuifunga moja ya zile tatu kubwa katika Kombe la dunia namna hiyo. New Zealand haikusimama tena. Wiki iliyofuata Fiji iliitoa 4-2.

Tonga ikaifunga Lebanon kwa shida, 24-22, na tarehe 25 ikacheza nusu fainali na Uingereza katika uwanja wa Mount Smart, Auckland, mbele ya watu 30,000. Waingereza walijifunza kutoka kwa New Zealand: walimwekea Taumalolo watu watatu kila mara, wakaficha mpira, wakafika 20-0 zikiwa zimebaki dakika kama saba. Watu walianza kuangalia mlango wa kutokea. Katika dakika hizo saba Tonga ilifunga trai tatu. 20-6. 20-12. 20-18. Katika sekunde za mwisho Fifita akaukimbilia mstari, Elliott Whitehead akamfikia kwa nyuma, mpira ukatoka mikononi. Mwamuzi Matt Cecchin akasema Fifita ameupoteza mwenyewe. Watonga walisema umeng'olewa mkononi, kwa hiyo ni penalti. Mechi ikaisha hapo. Mpaka leo ukitaja jina la mwamuzi huyo mbele ya Mtonga wa Auckland, jitayarishe kukaa muda mrefu.

Kuna watu New Zealand ambao hawakumsamehe. Hoja yao haikuwa ya chuki: nchi inapolea wachezaji, inapowapa makocha na viwanja, inangoja kurudishiwa kitu. Sisi tunaojadili kila mwaka kwa nini Lukaku anachezea Ubelgiji na kwa nini Wissa, mzaliwa wa Ufaransa, anachezea Léopards, tunajua kwamba jibu linategemea uko upande gani wa meza. Kwa maoni yangu, tofauti ya Taumalolo ni wakati aliochagua. Hakungoja kuachwa.

Kapiteni bila shirikisho

Mwaka 2018 Australia ilikubali, kwa mara ya kwanza, kucheza mechi rasmi na Tonga peke yake. Uwanja wa Mount Smart ulijaa, Australia ikashinda 34-16. Wakubwa wa ragbi waliona jambo lingine pia: tiketi zote zimeuzwa. Hapo kabla walikuwa wanasema mechi za nchi za Pasifiki hazileti feza.

Mwaka uliofuata mambo nyumbani yaliharibika. Uongozi wa ragbi ya watu 13 Tonga uligombana na wachezaji na ukamfukuza kocha Kristian Woolf, yule aliyewakusanya. Wachezaji walisema wazi kwamba bila Woolf hawachezi, na hawana imani na namna feza na mambo ya ekipe yanavyosimamiwa. Taumalolo alikuwa mbele katika msimamo huo. Shirikisho la dunia likausimamisha uongozi wa Tonga, na ili mechi zilizopangwa zisipotee, ekipe ikaruhusiwa kucheza kwa jina la muda: Tonga Invitational XIII. Nchi ilikuwa na ekipe lakini haikuwa na shirikisho. Mwaka 2020 uongozi ule ulifukuzwa kabisa.

Kwa jina hilo la kuazima ndipo walipofanya makubwa zaidi. Tarehe 26 mwezi wa kumi 2019 waliifunga Great Britain 14-6 Hamilton. Wiki moja baadaye, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja, kwenye uwanja wa Eden Park, Auckland, waliifunga Australia 16-12. Australia ndiyo iliyokuwa bingwa wa dunia, na Tonga ilikuwa haijawahi kuishinda. Kapiteni alikuwa Taumalolo. Mechi ilipoisha wachezaji walipiga magoti katikati ya uwanja, na watu walibaki kwenye viti vyao wakiimba.

Klabuni kwake hali ilikuwa tofauti kabisa. Thurston alistaafu mwisho wa 2018 na Cowboys wakaanguka: wa 13, wa 14, wa 14, wa 15, katika ligi ya ekipe 16. Macho yote yalikwenda kwa mtu wa milioni moja. Mwaka 2021 kocha mpya, Todd Payten, alimpunguzia dakika na akasema hadharani kwamba anataka kuona kazi zaidi kutoka kwake. Kwa mchezaji aliyebeba klabu mgongoni miaka minne, hayo ni maneno mazito, na yalizungumzwa sana Townsville. Mwaka huo huo alivunjika mkono pia. Wengi waliandika kwamba mkataba wa miaka kumi ulikuwa kosa.

Payten lakini hakuwa anakisia tu. Ragbi ilikuwa imebadilishwa sheria, mchezo ulikuwa mwepesi zaidi, wenye kusimama kidogo, na mtu mzito alichoka mapema. Kumchezesha dakika 50 kwa nguvu zote kulifaa kuliko 70 za kujikokota. Mwaka 2022 Cowboys walimaliza wa tatu na wakabakiza mechi moja kufika fainali. Parramatta ikawatoa 24-20 huko huko Townsville. Taumalolo alikuwa anacheza kidogo, lakini vizuri.

Mwaka huo wa 2022 ulikuwa na mengine. Tarehe 15 mwezi wa kwanza mlima wa moto ulio chini ya bahari, Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, ulilipuka. Mawimbi yakapiga visiwa, majivu yakafunika mashamba na matangi ya maji, na kamba ya mawasiliano inayopita chini ya bahari ikakatika. Wachezaji wa asili ya Tonga waliokuwa Australia na New Zealand, kama familia zote za nje, walikaa siku nyingi bila kujua kama ndugu zao wako hai. Wakaaji wa Goma waliokimbia Nyiragongo mwezi wa tano 2021 wanajua usiku wa namna hiyo, isipokuwa kwamba wao angalau walikuwa na barabara ya Sake. Kule njia ni bahari.

Na mwezi wa nane akafariki Paul Green, kocha aliyewapa Cowboys kombe la 2015 na aliyekuwa kocha wakati mkataba mkubwa unatiwa sahihi. Alikuwa na miaka 49. Baadaye familia yake ilitangaza kwamba uchunguzi wa ubongo wake ulionyesha CTE, ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara, ambao mpaka sasa hauwezi kuthibitishwa kwa mtu aliye hai. Green mwenyewe alikuwa mchezaji, tena mdogo wa mwili. Mtu anayesoma habari hiyo na kisha kuangalia Taumalolo akiingia kati ya watu wanne hawezi kuangalia kwa furaha ile ile.

Njia aliyoifungua

Mwishoni mwa 2022 Kombe la dunia lilichezwa Uingereza. Tonga ilikuja na Taumalolo kapiteni na matumaini makubwa, ikatolewa robo fainali kwa pointi mbili, 20-18. Na nani? Samoa. Vijana waliokuwa wametoka kushinda ligi na Penrith, Jarome Luai na Brian To'o, ambao Australia ingeweza kuwachukua, walichagua visiwa vya wazazi wao kama yeye alivyochagua miaka mitano nyuma. Samoa iliwatoa Waingereza 27-26 na ikafika fainali, ikafungwa na Australia 30-10. Ilikuwa mara ya kwanza nchi ya visiwa vya Pasifiki kufika huko. Nafasi ambayo Watonga waliiota mwaka 2017 ikaenda kwa majirani.

Lakini Tonga haikurudi pale ilipokuwa. Mwezi wa kumi na moja 2024, Auckland, iliifunga New Zealand tena, 25-24, tofauti ya pointi moja, na siku nane baadaye ikacheza fainali ya Pasifiki na Australia, Sydney, ikapoteza 20-14. Katika ekipe hiyo alikuwemo Addin Fonua-Blake, ambaye mwaka 2017 alikuwa katika kikosi cha New Zealand. Siku hizi kijana mzuri wa asili ya Tonga akiulizwa atachezea nani, waandishi wanangoja jibu kweli. Zamani lilijulikana kabla ya swali.

Taumalolo mwenyewe si mzungumzaji. Mahojiano yake ni mafupi, anajibu kwa sauti ya chini, na waandishi wa Townsville wamekwisha kuzoea kuondoka na sentensi mbili. Magoti yamemsumbua miaka ya karibuni na dakika zake zimepungua zaidi. Klabu haikumuuza, naye hakuomba kuondoka. Mkataba ule, ambao kila mtu alisema hautafika mwisho, unakwisha mwaka 2027, wakati atakuwa na miaka 34.